Glovu boksi tatu, Jiki lita tano, na mkojo wa mama bado unanuka: tunakosea wapi?

Swali: Sista shikamoo. Mama yangu ana miaka 64, alipata stroki, upande wa kulia umelala na maneno hayatoki vizuri. Tumetoka hospitali wiki tatu sasa, yuko kitandani, ana mpira wa mkojo, na haja kubwa anatumia pampasi. Tunamuuguza watatu, mimi, mdogo wangu wa kiume na dada wa kazi. Nimenunua glovu boksi tatu, Jiki lita tano, spiriti na Dettol, na tunavaa glovu muda wote. Lakini mkojo umeanza kunuka na umekuwa kama maji ya kuoshea mchele, afu juu kidogo ya makalio kuna sehemu imekuwa nyeusi kuliko pembeni. Duka la dawa wananiambia sindano za siku tano zitamaliza. Jirani kaleta mama wa kumkanda na maji ya moto. Nina mtoto wa miezi nane ananyonya, naogopa na yeye asije akapata kitu. Nimpe mama dawa gani, na tunakosea wapi?

Jibu:

Marahaba mdogo wangu, na pole sana kwa kuuguza. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Hela umetumia na moyo unao, hilo halina ubishi, ila karibu vyote ulivyonunua vinakulinda wewe. Glovu zinakulinda wewe, Jiki inashughulika na sakafu, na spiriti sijui hata mnaipaka wapi, naomba tu isiwe pale mgongoni. Mama analindwa na mikono iliyonawa kwa wakati wake na mtu wa kumgeuza kila baada ya masaa mawili, na hivyo viwili haviuzwi duka la dawa kwahiyo sishangai kwamba hamna aliyekutajia.

Tuanze na hizo glovu za muda wote, manake nadhani ndo zinawaangusha. Nikiwa nafundisha ndugu kabla mgonjwa wao hajaruhusiwa huwa nafanya kamchezo fulani. Namvalisha mtu glovu, namchovya vidole kwenye binzari ya manjano iliyochanganywa na mafuta kidogo, alafu namwambia haya, tuonyeshe unavyomhudumia mgonjwa nyumbani. Anafungua pampasi, anasogeza mto, simu inaita anaibonyeza na kidole kimoja kuikata, anavuta shuka, anaurekebisha mpira wa mkojo, anachukua kikombe anampa maji. Dakika tano hazifiki. Tukianza kutafuta njano imeenda wapi, ipo kwenye simu, ipo kwenye mto, ipo kwenye mdomo wa kikombe, ipo pale mpira unapoungana na mfuko, na kuna mmoja tuliikuta kwenye shavu la mgonjwa kwasababu alimfuta mate. Alafu anavua glovu, mikono yake mwenyewe meupe peee. Weka kinyesi mahali pa binzari utaelewa mkojo wa mama umeanza kunuka kwa njia gani.

Mtu akiwa na mikono mitupu akigusa uchafu anausikia, anaona kinyaa, anaenda kunawa bila kuambiwa. Akivaa glovu kile kinyaa kinaondoka anaendelea tu na kazi. Kwahiyo kuanzia leo glovu ni za kazi chafu tu, yaani kubadilisha pampasi, kumwaga mkojo, kugusa damu au kidonda, kazi ikiisha unaivua inatupwa. Kazi moja pea moja. Hamna kuosha glovu na Dettol ukaianika, nimeshaikuta hiyo kwenye kamba ya nguo kabisa, glovu ya kutupa ukiiosha inapata vitobo ambavyo jicho halivioni. Kumgeuza, kumvalisha, kumlisha, kumshika mkono mnaongea, hivyo fanya na mikono mitupu iliyonawa, na mama naye anahitaji kuguswa na ngozi ya mtu jamani, sio mpira asubuhi mpaka jioni. Na ukivua glovu bado unanawa, kwasababu wakati wa kuvua ndo watu wengi wanajipaka.

Kunawa kwenyewe sasa. Shirika la Afya Duniani wana nyakati tano ambazo tunazikariri shuleni, mi ntakupa kwa lugha ya nyumbani: kabla hujamgusa, kabla ya kazi yoyote safi kama kumlisha au kugusa mpira au kidonda, mara tu baada ya kugusa majimaji yoyote yaliyotoka mwilini, ukishamaliza kumhudumia, na ukishagusa vitu vyake hata kama yeye hujamgusa, mfano shuka au meza ya pembeni. Watu wengi baada wananawa vizuri tu. Inayosahaulika ni ile kabla, na kabla ndo ya mama. Sabuni na maji yanayotiririka sekunde 40 mpaka 60, katikati ya vidole, gumba, na ncha za kucha. Sanitaiza ya spiriti sekunde 20 mpaka 30 mpaka mikono ikauke yenyewe, ila kama mikono ina uchafu unaoonekana sanitaiza haifanyi kazi, nenda kwenye sabuni. Kama bomba liko mbali nunua ndoo yenye koki uiweke mlangoni kwa chumba chake, au mdogo wako atengeneze kibuyu chirizi na dumu la lita tano na kamba, ni kazi ya nusu saa. Kile kibeseni cha maji ya kunawia watu wote kitoeni, na taulo moja la kufutia mikono nyumba nzima litoeni pia. Kucha fupi. Na kama wewe au dada wa kazi mna zile kucha za kubandika, tafadhali zitoke kwa kipindi hiki, chini yake wanakaa wadudu ambao sabuni haiwafikii.

Usidhani haya ni mambo ya kukazania bure. Mwaka 1847 kule Vienna kuna daktari anaitwa Semmelweis alikuwa anaumwa kichwa na jambo moja, hospitali ilikuwa na wodi mbili za wazazi, moja ya madaktari na wanafunzi wao, ingine ya wakunga, na ya madaktari ndo wanawake walikuwa wanakufa sana kwa homa ya uzazi. Akaja kugundua wale madaktari walikuwa wanatoka kupasua maiti wanaenda moja kwa moja kuzalisha. Akawalazimisha kunawa kwa maji ya klorini. Mwezi wa nne walikuwa wanakufa kama wazazi 18 katika kila 100, mwezi wa sita mwaka huohuo wakawa kama 2. Na wenzake wengi hawakumkubali, walikasirika kuambiwa kwamba mikono ya daktari ndo inaua. Hata leo ukimwambia nesi mwenzako hujanawa anaweza akanuna wiki nzima, najua ninachosema.

Haya, mkojo. Usinunue hizo sindano. Ngoja nikueleze sababu, usije ukaona nakunyima tu dawa. Mpira wa mkojo ni barabara iliyojengwa kutoka nje mpaka ndani ya kibofu, na bakteria wanaipanda taratibu, wanajenga utando wa uteute kwenye kuta za mpira ambao dawa haipenyi vizuri. Kwa kila siku mpira unapokaa ndani, uwezekano wa kuwa na bakteria kwenye mkojo unaongezeka kama asilimia 3 mpaka 7, ndo maana ukifika mwezi karibu kila mwenye mpira anao. Ukipima utawakuta. Lakini kuwa nao sio kuumwa. Mkojo kunuka peke yake, au kuwa na rangi ya maji ya mchele peke yake, kwa mtu mwenye mpira hautibiwi kwa antibiotiki. Ukimpiga sindano leo harufu itapungua wiki moja, alafu watarudi wale waliozizoea dawa, na siku akiumwa kweli utakuta dawa za kawaida zimeshagoma. Na sindano za duka la dawa anachomwa na nani? Sindano ikimchoma mdogo wako kwa bahati mbaya nayo ni kesi ingine. (Ikitokea, aoshe kwa sabuni na maji bila kupakamua damu, aende hospitali siku hiyohiyo, dawa za kinga ya VVU zinatakiwa zianze ndani ya masaa 72 na mapema zaidi ndo vizuri.)

Ila akipata homa, akatetemeka kwa baridi, akashika tumbo la chini analalamika, mkojo ukawa na damu, au ghafla akawa kama kachanganyikiwa au analala tu haamki vizuri, hapo ni infekshen mpaka ithibitike vingine, mpeleke siku hiyohiyo. Na ukifika waambie mpira una siku ngapi. Kama umepita wiki mbili unatakiwa ubadilishwe kwanza alafu mkojo wa kupima uchukuliwe kwenye mpira mpya. Mkojo wa kwenye mfuko haupimwi, ule umekaa masaa unafuga wadudu wake.

Wakati huohuo kuna swali moja nataka uwaulize kliniki, na uliulize wewe manake yawezekana hawatalitaja: huu mpira bado anauhitaji? Wagonjwa wengi wa stroki wanawekewa mpira siku za mwanzo, baadae kibofu kinarudi kazini, lakini wanaruhusiwa nao kwasababu hakuna aliyekumbuka. Hamna dawa ya kuzuia maambukizi ya mkojo inayoushinda mpira uliotolewa. Kama anaweza kwenda na pampasi, au beseni la kitandani kila masaa mawili matatu, afadhali hiyo kazi. Usiutoe mwenyewe lakini, ndani kuna puto limejazwa maji, ukivuta utamchana.

Ukiwa bado upo, mfuko ukae chini kuliko kibofu muda wote, hata mnapomgeuza, na usilale sakafuni, utundikwe kwenye fremu ya kitanda. Mdogo wako akimnyanyua mama alafu akauweka mfuko tumboni kwake ili asiukanyage, ule mkojo wa jana unarudi ndani. Mwageni ukifika theluthi mbili, chombo chake peke yake, na mdomo wa mfuko usiguse chombo. Hapa sasa spiriti yako imepata kazi, futa ule mdomo kabla na baada. Pale kwenye kiungio msipachomoe chomoe. Ufungeni pajani kwa plasta ulegee kidogo usivutike. Sehemu za siri zioshwe kwa maji na sabuni ya kawaida mara moja kwa siku na kila baada ya choo kikubwa, kutoka mbele kwenda nyuma, kamwe usirudishe kitambaa mbele, hiyo inapeleka wadudu wa choo kwenye njia ya mkojo. Dettol huko hapana, inababua. Na maji ya kunywa, mama anakunywa kiasi gani kwa siku? Hukuandika. Kama daktari hajamzuia kwa ajili ya moyo au figo alenge lita moja na nusu mpaka mbili. Mimi nina wasiwasi hiyo harufu nusu yake ni mkojo mzito wa mtu asiyekunywa maji kwasababu hawezi kuomba. Na angalia tarehe ya mpira, ile ya kawaida ya rangi ya njano kahawia kwa kawaida haipiti wiki 4, ile myeupe ya silikoni tupu inaweza kwenda mpaka wiki 12. Kama ni wa njano na uliwekwa hospitali, muda wake unaisha sasaivi.

Kinachonitisha kwenye ujumbe wako ni pale mgongoni kuliko mkojo. Uliandika kwa mstari mmoja, mi nilivyofika pale nikaweka simu chini.

Vitabu vingi vinasema kidonda cha mgandamizo, yaani kile cha kulalia sehemu moja muda mrefu, kinaanza na wekundu. Ngozi yetu weusi wekundu hauonekani, inaonekana kama wewe ulivyoiona, nyeusi zaidi au ya zambarau, sometimes inang'aa kama imevutwa. Leo jioni fanya hivi. Mlaze ubavu, washa tochi ya simu, iweke pembeni mwanga uje kwa upande sio kwa juu. Nawa, alafu weka mgongo wa mkono wako juu ya ile sehemu na kisha kwenye ngozi ya pembeni, sikiliza kama pale pana moto zaidi au baridi zaidi. Bonyeza kwa kidole polepole, je pamekuwa pagumu kama ubao, au pamelegea kama embe lililoanza kuiva kupita? Muulize mama panauma? Kama ngozi haijapasuka na mkishaacha kuilalia kabisa ikarudi kawaida siku chache, mmewahi. Kama ina lengelenge, imechubuka, au pamebonyea, hicho tayari ni kidonda na ndani kinaweza kuwa kikubwa kuliko unavyoona nje, mpeleke aonwe. Ukimaliza hapo angalia visigino, vifundo vya miguu, nyonga, viwiko, kisogo na nyuma ya masikio. Kila siku, wakati wa kuoga.

Kinachotokea ni kwamba mfupa unaibana nyama dhidi ya godoro, damu haipiti, nyama inakufa kutoka ndani. Mimi na wewe tukilala tunajigeuza wenyewe bila kujua. Mama upande mmoja hauna taarifa. Ndo maana hakuna cream, wala spiriti, wala poda inayotibu hiki kitu, kinachotibu ni kuondoa uzito. Na usipasugue. Zamani walitufundisha kusugua na spiriti na poda, vizazi vya manesi tumesugua migongo ya watu, leo tunajua kusugua ngozi iliyokwisha kuchoka kunaichana kwa ndani. Na lile duara la mpira la kukalia litoe kama mnalo, linabana damu kuzunguka kidonda.

Ratiba: kwakuwa sehemu mbovu ni mgongoni, mgongo sasaivi haulaliwi. Saa 12 asubuhi ubavu wa kushoto, saa 2 kulia, saa 4 kushoto, hivyo hivyo mpaka usiku, andikeni kwenye karatasi mbandike ukutani na aliyegeuza anaweka tiki na jina, bila karatasi kila mtu anadhani mwenzie kageuza. Ubavu wa kulia ulioathirika mfupishie muda, na msimlaze wima kabisa juu ya nyonga, mwinamisheni kiasi tu, weka mto nyuma ya mgongo, ingine katikati ya magoti, na mto chini ya muundi ili visigino vining'inie hewani. Usimburute. Tandika doti ya kanga iliyokunjwa chini yake kuanzia mabegani mpaka mapajani, mmoja huku mmoja huku, mnanyanyua kwa kanga. Na jamani ule mkono wa kulia msimvute nao wala kumshika kwapani kumnyanyua, bega la mgonjwa wa stroki linachomoka kirahisi na maumivu yake hayaishi. Usiku mkichoka mnaweza kwenda masaa matatu mpaka manne kama mna godoro zuri la hewa, ila asubuhi ukikuta alama mpya basi muda ulikuwa mrefu, punguzeni.

Kama pamepasuka na bado unasubiri kwenda, safisha kwa maji ya chumvi tu: lita moja ya maji yaliyochemka, chumvi vijiko viwili vya chai vilivyosawazishwa, yapoe. Mwagia, usikwangue, funika na gozi safi, kile kitambaa cha kufungia vidonda. Usiweke Dettol, Jiki, dawa ya meno, wala unga wa kapso. Huo unga wa kapso, yaani mtu anapasua kile kidonge cha rangi mbili anamwagia unga wake kidondani, nimeukwangua sana kwenye vidonda vya watu, unakauka unakuwa kama saruji na chini yake usaha unaendelea.

Yule mama wa kukanda mrudishe kwa heshima, mpe chai. Mama upande wa kulia anaweza asisikie moto, na mkandaji anapima joto kwa mkono wake uliozoea, mpaka uje uone malengelenge keshaungua. Na mtu aliyelala wiki kadhaa anaweza kuwa na damu iliyoganda mguuni, ukiuminya minya inaweza kuchomoka ikaenda kwenye mapafu. Mguu mmoja ukivimba kuliko mwenzie au ukawa wa moto ni wa kwenda hospitali. Mazoezi anayohitaji ni ya fiziotherapia, kukunja na kukunjua viungo taratibu mara mbili tatu kwa siku, waulize wakuonyeshe na we urekodi kwenye simu.

Kula. Hukuuliza, ila kinachowaondoa wengi wa stroki ni chakula kuingia njia ya hewa, nimonia inafuata. Kabla hamjamlisha awe ameketi wima kabisa, mpe kijiko kidogo, subiri ameze, msikie akiongea. Akikohoa, au sauti ikawa ya majimaji kama mtu anayeongea huku anasukutua, simamisha na umrudishe akapimwe kumeza. Uji mzito mara nyingi unapita salama kuliko maji matupu. Weka kijiko upande wa kushoto wa mdomo, na akimaliza angalia shavu la kulia, unakuta ugali wa mchana umekaa humo mpaka jioni. Akae wima nusu saa baada ya kula, alafu mtoe haraka arudi ubavuni kwasababu kukaa nako kunaminya palepale pabovu. Mswaki laini mara mbili kwa siku kichwa kikiwa juu, manake mate machafu ndo yanashuka mapafuni. Na kidonda hakifungi kwa uji wa sukari peke yake, mama anahitaji mayai, maharage yaliyopondwa, dagaa wa kusaga, maziwa.

Jiki yako isiende bure. Soma lebo, kama imeandikwa 3.5%, kwa kinyesi au damu iliyomwagika changanya kikombe kimoja cha Jiki na vikombe sita vya maji, hapo unapata nusu asilimia. Kwanza unaondoa uchafu kwa karatasi au kitambaa cha kutupa, alafu unamwagia, unasubiri dakika 10, ndo unafuta. Ukimwagia juu ya uchafu, uchafu unaimaliza nguvu Jiki. Maji ya baridi, changanya ya leo leo, dirisha wazi, na usiichanganye na ile asidi ya kusafishia choo wala usiimwagie kwenye dimbwi la mkojo, inatoa gesi inayokaba kifua. Meza, kitasa, fremu ya kitanda, hivyo maji na sabuni yanatosha kila siku. Shuka zilizochafuka msizikung'ute, kinyesi kiende chooni kwanza, zifuliwe na maji ya moto na sabuni, zianikwe juani na zipigwe pasi pande zote, kuna yule inzi anayetaga kwenye nguo mbichi nje, funza kwenye mgongo wa mama hatumtaki.

Mtoto hawezi kuambukizwa stroki, mpe nyonyo kwa amani ila nawa kabla hujamshika na ubadilishe ile nguo au kanga uliyofanyia usafi. Asitambae kitandani kwa bibi wakati wa kubadilisha pampasi, beseni lake na la bibi yasichanganywe. Mkae naye pembeni mama amuone, amshike kwa ule mkono mzima. Wageni nao waje, hatuwezi kuwa watu wa kufungia wagonjwa, ila wanawe mlangoni, wasikae kitandani, na mwenye mafua au kikohozi asalimie kwa simu.

Sasa hili la mwisho hukuliuliza. Kuna muuguzi wa Marekani aliitwa Virginia Henderson, mwaka 1960 Baraza la Kimataifa la Wauguzi lilichapisha mwongozo wake ambapo alipanga mahitaji 14 ya binadamu. Wazo lake ni kwamba unamfanyia mgonjwa yale ambayo angejifanyia mwenyewe kama angekuwa na nguvu au nia au ujuzi, na unamfanyia kwa namna itakayomrudisha kujifanyia. Ujumbe wako wote uko kwenye namba 8 na 9, usafi na kuepuka hatari. Namba 10 ni kuwasiliana, na upande wa kulia ukilala mara nyingi maongezi nayo yanaguswa ila akili bado anayo, na mara nyingi anaelewa mnachoongea juu yake. Mpeni maswali ya ndio na hapana, afinye mkono. Namba 11 ni ibada. Mama yako alikuwa anasali saa ngapi? Msafisheni kabla ya muda huo, sio baada. Na akishaweza kushika kitambaa kwa mkono wa kushoto mwacheni ajioshe uso mwenyewe, hata kama inachukua robo saa na wewe una haraka.

Na mdogo wako wa kiume, kama anaona haya kumsafisha mama yake msimlazimishe, na mama naye pengine anaona aibu kuliko yeye ila hawezi kusema. Yeye apewe kugeuza, mfuko wa mkojo, maji, ratiba ya ukutani na zamu ya usiku. Wewe na dada mfanye usafi, mlango umefungwa, kanga juu yake unafunua sehemu unayoosha tu. Anzeni na uso, mikono, kifua, miguu, alafu mnabadilisha maji na kitambaa kabla ya mbele, na nyuma mwisho kabisa.

Ile alama ya mgongoni pima leo na kizibo cha soda, andika tarehe, pima tena kesho kutwa. Ikiwa imezidi, au ngozi imefunguka, au imeanza kunuka, usisubiri nikujibu tena, chukueni bajaji mwende.